Kituo cha Jasini, Januari 1915: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanafunzi, waongoza wageni na wenyeji wa Tanga wanaijua habari ya nyuki wa Novemba 1914, Wajerumani walipowashinda Waingereza Tanga katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Habari ya Jasini, kituo cha Waingereza kilichozingirwa na Wajerumani miezi miwili na nusu baadaye huko mpakani, wengi wameisikia nusunusu tu. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara, na majibu yake.

Jasini ni wapi hasa?

Ni kijiji cha pwani katika wilaya ya Mkinga, mkoa wa Tanga, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Kutoka Tanga mjini ni kilometa 45 hivi kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara ni zaidi. Jirani yake wa upande wa pili ni Vanga. Wavumba, Wadigo na Wasegeju wa sehemu hizo wana ndugu pande zote mbili, na mpaka haukuwahi kuwazuia kuzikana wala kuozana. Maandishi ya zamani huandika Jasin au Jassini. Mahali ni palepale.

Kwa nini Waingereza waliweka kituo mahali pa hatari namna ile?

Baada ya kushindwa Tanga tarehe 4 Novemba 1914, mpaka wa pwani ulibaki wazi, na vikosi vya Wajerumani vilikuwa vikivuka kuingia upande wa Vanga. Desemba mwaka huohuo kikosi kilicho chini ya Brigedia Jenerali Tighe kilitumwa kusafisha bonde la mto Umba. Wakalishika bonde, kisha wakasogea mbele wakaishika Jasini yenyewe, ndani ya ardhi ya Mjerumani.

Kosa liko hapo. Kituo cha mbele kina kazi moja kati ya mbili: ama kutoa taarifa na kurudi nyuma, ama kushikilia mpaka jeshi kubwa lifike. Cha kutoa taarifa kinahitaji watu wachache na njia nzuri ya kurudi. Cha kushikilia kinahitaji akiba ya risasi, maji ya siku kadhaa, na jeshi kubwa linaloweza kufika kweli. Jasini ilipewa watu wengi mno kwa kazi ya kwanza, na akiba ndogo mno kwa kazi ya pili.

Nani alikuwa ndani, nani alikuwa nje?

Ndani walikuwa askari wa Kihindi, zaidi kidogo ya 300, wa Kashmir Rifles na wa kikosi cha 101 cha Grenadiers. Vikosi vyote viwili vilikuwa vimepigana Tanga mwezi Novemba. Mkuu wao alikuwa Luteni Kanali Raghbir Singh.

Nje alikuwa Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, na kombania tisa. Kombania moja ya Schutztruppe, yaani jeshi la koloni la Wajerumani, ilikuwa na askari Waafrika 160 hadi 200, Wajerumani 16 hadi 20, bombomu (bunduki za rashasha) mbili kwa kawaida, na wapagazi wapatao 250. Alizikusanya kwenye shamba la Totohovu, kilometa kama 11 kusini mwa Jasini. Alikuwa pia na mizinga miwili.

Kwa maneno mengine, Waafrika na Wahindi ndio waliouana pale, juu ya ardhi ya Wavumba, kwa ugomvi wa Ulaya. Msomaji asilisahau hilo anapokutana na majina ya makanali.

Kituo kilijengwaje, na kasoro yake ilikuwa nini?

Kilikuwa boma lenye kuta imara, ndani ya mashamba ya minazi na mkonge. Kuta zilifanya kazi yake vizuri: mizinga ilisogezwa hadi mita 200 hivi na bado haikulibomoa. Kwa upande wa ujenzi, askari wale hawakuwa na la kujutia.

Kasoro ilikuwa kilicholizunguka. Bunduki ya wakati ule ilipiga kwa shabaha mita mia kadhaa, lakini faida hiyo ipo tu kama mbele ya mtutu pako wazi. Mkonge uliokomaa unafika kifuani au zaidi, na kila jani lina mwiba nchani. Unamchelewesha anayeshambulia, ni kweli, lakini pia unamficha akilala chini. Minazi nayo inatoa kitu kibaya zaidi: mahali pa kupanda na kuchungulia ndani ya ukuta.

Kufyeka hatua 200 kuzunguka boma dogo ni kazi ya siku nyingi kwa watu wengi wenye mapanga na mashoka. Mnazi ukishaukata lazima uuburute uuondoe, kwa sababu gogo lililolala ni kinga tayari kwa adui. Mkonge ukiukata majani ukaacha kisiki, unachipua tena, lazima ung'olewe. Asiyejua haya hufyeka nusu, halafu anaamini amemaliza.

Watu 300 wanaweza kulinda eneo kubwa kiasi gani?

Dogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua hesabu ya mfano. Katika 300, pwani ya homa kama ile, toa wagonjwa 30. Toa wapishi, matabibu na wapiga ishara, 20. Weka akiba ya watu 50 katikati, wa kukimbilia upande utakaolegea. Kituo kisicho na akiba kinaanguka mara ya kwanza ukuta ukiingiliwa. Wanabaki 200. Ukimweka mtu mmoja kila mita mbili, una mzunguko wa mita 400, yaani mraba wenye upande wa mita 100. Ndiyo ngome yote hiyo.

Na hao 200 hawawezi kuwa macho usiku na mchana. Utaratibu wa kawaida wa lindo ni theluthi moja macho, theluthi moja wamelala na viatu na bunduki mkononi, theluthi moja wamepumzika. Siku ya mashambulizi utaratibu huo unavunjika, wote wanapanda ukutani. Baada ya saa 24 usingizi unaanza kuua shabaha, na mtu asiyeona sawasawa anafyatua mara nyingi zaidi ili ajihakikishie.

Siku zile mbili zilikwendaje?

Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1915 kombania za Wajerumani zililizunguka boma, na nyingine zikawekwa upande wa kaskazini kukata njia ya msaada. Walinzi wachache waliokuwa kwenye kiwanda cha mkonge, nje ya boma kuu, walitengwa na wenzao mapema. Mapigano yaliendelea siku nzima kwa karibu sana. Raghbir Singh akauawa, na uongozi ukamwangukia Kapteni Hanson.

Usiku haukuleta nafuu. Alfajiri ya tarehe 19 moto ulianza tena kwa nguvu. Waliozingirwa walijaribu kutoka kwa kasi kuvunja duara, wakarudishwa. Ndipo bendera nyeupe ikapandishwa. Watu 276 walitekwa.

Risasi ziliishaje? Si walijua wamezingirwa?

Walijua. Lakini risasi haziishi kwa uzembe peke yake. Zinaisha kwa hesabu. Mtu aliyefundishwa anafyatua risasi 10 hadi 15 za shabaha kwa dakika. Tuseme kila mmoja ana 200. Akifyatua tano tu kwa dakika, ambao ni mwendo wa taratibu, amemaliza baada ya dakika 40. Mapigano ya Jasini yalichukua siku moja na sehemu ya pili yake. Kwa hiyo kila mlinzi alilazimika kukaa kimya sehemu kubwa ya muda huo, huku anapigwa, akingoja aone mtu. Hiyo ni nidhamu ngumu kuliko kukimbia na singe.

Kinachoharibika zaidi ni haya. Makasha hugawiwa sawa kwa kila upande wa ukuta wakati adui anakazana upande mmoja, basi upande huo unaishiwa huku mwingine ukiwa bado nazo. Kuzihamisha mchana, chini ya watu waliopanda minazi, ni kuvuka uwanja ulio wazi. Makasha yenyewe, yakiwa yamefungwa kwa skrubu au bati, lazima yafunguliwe kabla, siyo wakati watu wanapiga kelele. Na usiku wa kwanza wa mzingiro ndio unaokula risasi nyingi bure: kila jani likitikisika, mtu anafyatua, na jirani yake anamfuata.

Bombomu ilikuwa na faida gani kwenye boma?

Kubwa, ikiwa ina maji. Bombomu ya aina ya Maxim ilifyatua risasi 500 hadi 600 kwa dakika kutoka kwenye ukanda wa risasi 250. Mtutu wake umezungukwa na silinda ya maji lita 4 hivi. Baada ya risasi kama 600 mfululizo maji huchemka, na kuanzia hapo kila risasi elfu zinamaliza zaidi ya nusu lita kwa mvuke. Ukikosa maji mtutu unakwisha: unapanuka, risasi zinatawanyika, halafu inakwama.

Mvuke nao ni msaliti. Katika hewa tulivu ya alfajiri unapanda juu ya ukuta kama wa sufuria ya wali, na kila mpiga shabaha wa upande wa pili anajua aelekeze wapi. Dawa yake ni bomba la mpira kutoka kwenye silinda kwenda kwenye debe lenye maji kidogo. Mvuke unageuka maji humo, unafichika, na maji yanarudi kutumika. Ukanda wa kitambaa ukilowa umande hukaza risasi, ukikauka jua kali hulegea. Pwani ya Tanga mwezi wa Januari vyote viwili hutokea siku moja.

Na moshi? Tunasikia bunduki za Wajerumani zilitoa moshi.

Ni kweli kwa kombania nyingi mwanzoni mwa vita. Zilikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, risasi ya milimita 11, baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu jeupe linakaa mbele yako na kukutaja. Ukiwa unashambulia boma, hilo linaua. Baada ya Tanga hali ilibadilika: Waingereza waliacha ufukweni bombomu 16, risasi 600,000 na bunduki za kutosha kuzipa kombania tatu silaha za kisasa. Kwa hiyo vifaa vilivyoachwa Ras Kasone mwezi wa Novemba vilikuwa mikononi mwa jeshi la Lettow-Vorbeck wakati wa Jasini.

Maji je?

Januari ni kaskazi, vuli imepita na masika bado. Joto la mchana ndani ya boma la mawe ni kama la tanuri la chokaa. Mtu anayepigana kwenye jua anahitaji lita 4 au 5 kwa siku. Ukimpa mbili ataishi, lakini jioni ya siku ya pili hana nguvu za kushika bunduki. Kwa watu 300 hiyo ni lita 1,200 hadi 1,500 kwa siku, yaani madebe 60 hadi 75, bila kuhesabu majeruhi, ambao kiu yao ni ya peke yake, wala bombomu.

Waliokuwa nje nao waliteswa na kiu, wamelala kwenye mkonge usio na kivuli. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na minazi, na madafu yaliwasaidia. Ndani ya ukuta hakuna dafu linaloangukia.

Kwa nini kikosi cha msaada hakikufika?

Kilijaribu. Kambi kubwa ya Umba ilikuwa kilometa chache tu kaskazini, na Keya (King's African Rifles, askari Waafrika wa Mwingereza) pamoja na askari wa Kihindi wa kikosi cha Jind walitoka huko kwenda kuwaokoa wenzao. Walizuiwa kwenye mito na mikoko.

Hapa ndipo penye jibu la swali zima la Jasini, na tunaomba msomaji apasome taratibu. Kati ya kambi na kituo kulikuwa na maji na vichaka. Kijito cha pwani hakilingani mchana kutwa: bahari ikijaa, maji ya kufika gotini yanakuwa ya kifuani, na tope la mikokoni linashika mguu mpaka kiatu kinabaki. Mtu anayevuka ameinua bunduki juu ya kichwa hawezi kuifyatua. Bombomu moja iliyojificha mahali pa kuvukia inatosha kuzuia mamia. Lettow-Vorbeck alikulia kwenye ujeshi na alilijua hilo, ndiyo maana hakumimina kombania zote tisa kwenye ukuta.

Anayeweka kituo ng'ambo ya mto lazima aweke pia ulinzi kwenye kivuko chenyewe, pande zote mbili, na ajue jedwali la maji kujaa na kupwa kama mvuvi. Kivuko kikipotea, umbali wa kilometa tatu ni sawa na thelathini.

Homa iliwaua wengi?

Bonde la Umba lilikuwa na sifa mbaya ya malaria, na vikosi vya Waingereza viliugua kwa wingi. Kwinini ilitolewa kila siku, lakini kidonge hakina kazi kama mtu amelala bila chandarua kando ya kinamasi, au kama sajini hahakikishi kimemezwa.

Upande wa Wajerumani walikuwa na Amani, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1902 kwenye milima ya Usambara Mashariki. Meli zilipokatizwa, kwinini ilitengenezwa huko kutokana na magome ya mti wake. Baadaye, wakiwa mbali na Amani, walichemsha magome na kunywa maji yake machungu.

Posho na mizigo vilifikaje?

Juu ya vichwa. Lettow-Vorbeck alisema mapigano ya Jasini yalimla risasi 200,000. Risasi moja ya Mauser mpya ina uzito wa gramu 25 hivi, basi hizo ni tani 5 bila makasha. Kwa mzigo wa kilo 25, ni wapagazi 200 kwa risasi tu.

Mpagazi naye anakula. Ukimpa kilo moja ya unga kwa siku, anamaliza uzito wa mzigo wake kwa siku 25. Ukimpunguzia posho, anaanguka njiani na mzigo unabaki. Wengi wao walichukuliwa kwa nguvu, hawakuwa na bunduki wala kiatu, na majina yao hayakuandikwa popote. Hesabu yoyote ya vita hii isiyowataja ina pengo katikati.

Hivi nyuki walikuwa Jasini au Tanga?

Tanga, tarehe 4 Novemba 1914. Waliudhika kwa risasi zilizopiga mizinga yao, wakawauma watu wa pande zote. Hawakutumwa na mtu.

Ombasha na shaush ni vyeo gani?

Ni vya askari Waafrika wa Schutztruppe, vilivyotoka Uturuki kupitia Misri na Sudani. Ombasha ni koplo, shaush ni sajini, bash-shaush yuko juu ya shaush, kisha sol. Effendi alikuwa ofisa Mwafrika, na walikuwa wachache. Familia nyingi za Tanga bado zina babu anayetajwa kwa cheo badala ya jina.

Walijisalimisha kwa woga?

Hapana. Mkuu wao amekufa, risasi zimekwisha au zimebaki za kuhesabu, msaada umerudishwa, na wamejaribu kutoka wakashindwa. Adui mwenyewe hakuwaona waoga: Lettow-Vorbeck aliwarudishia Kapteni Hanson na Kapteni Turner panga zao, akawaachia waende kwa ahadi ya kutopigana tena katika vita hivyo.

Aliyeshinda alipata nini?

Alipata boma, wafungwa, na hesabu chungu. Walikufa watu 86 upande wake na wengine wapatao 200 wakajeruhiwa. Meja Kepler aliuawa, Kapteni von Hammerstein akafa kwa majeraha, na Lettow-Vorbeck mwenyewe alipigwa risasi mkononi. Akapiga hesabu kwamba kwa risasi alizobakiza angeweza kupigana vita vya namna ile mara tatu tu zaidi. Kuanzia hapo akaacha kutafuta mapigano makubwa, akageukia vikundi vidogo vya kuvizia reli ya Uganda.

Waingereza nao waliliacha bonde la Umba mwezi uliofuata. Kwa hiyo mahali palipogombewa kwa damu namna ile, ndani ya wiki chache hakuna jeshi lililopataka.

Leo kuna nini cha kuona?

Usitarajie jumba la makumbusho. Ni kijiji chenye maisha yake, minazi, mikoko na watu wanaovua. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina eneo la kumbukumbu lenye jina la Jasini, na Tanga mjini kuna makaburi ya waliokufa Novemba 1914. Ukifika kijijini, anzia kwa mwenyekiti wa kijiji. Beba kitambulisho, maana ni mpakani. Epuka masika, Machi hadi Mei. Njia za huko zinakuwa tope.

Nimeokota ganda la risasi shambani. Nitajuaje ni la nani?

Kwanza hakikisha ni ganda tupu. Kama bado lina kichwa cha risasi, au ni kitu kikubwa cha chuma chenye umbo la kombora, usikiguse, usikigonge, usikiweke motoni. Weka alama ya kijiti mbali kidogo na utoe taarifa polisi. Baruti ya miaka zaidi ya mia huwa haijalala.

Kama ni tupu, tazama kitako. Cha Mwingereza, cha .303, kina ukingo uliotokeza nje, na mdomo wake ni karibu milimita 8. Cha Mauser mpya kina karibu urefu uleule lakini hakina ukingo uliotokeza. Kina mfereji umechongwa kuzunguka kitako. Cha Mauser ya 1871 hukikosei: ni kinene, kina ukingo, na mdomo wake unapita ncha ya kidole kidogo cha mtoto. Andika mahali ulipokiokota na kina cha udongo kabla hujakisogeza. Maganda mengi mahali pamoja yanaonyesha alipolala mtu mmoja akifyatua, na ukikusanya yote mfukoni bila kuandika, alama hiyo haipatikani tena.